Saa Mbili za Ijumaa

Katika miaka yote niliyofanya kazi Lindi, niliacha sala ya Ijumaa mara moja tu nikiwa mzima wa afya na nikiwa mjini. Udhu nilikuwa nao. Nilivaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia mpya, na kila aliyekutana nami njiani alijua ninakokwenda. Lakini nilipofika kwenye ghala la forodha nilikata kushoto, nikapita uchochoroni, nikaenda kusimama kwenye mlango wa nyuma wa maktaba ya serikali. Karani wa maktaba hiyo nilikuwa mimi mwenyewe. Nilitaka kujua kama msaidizi wangu alikuwa ndani, na kama alikuwemo, anafanya kazi gani.

Saa zetu zilikuwa hivi. Tulifungua saa moja na nusu asubuhi, tukafunga saa sita; tukafungua tena saa nane, tukamaliza saa kumi na nusu. Jumamosi ilikuwa nusu siku. Zile saa mbili za mchana zilikuwa za mtu mwenyewe, na siku ya Ijumaa zilinitosha sawasawa kwenda nyumbani, kuoga, kusali na kula. Mwingereza alikuwa katika miaka yake ya mwisho, ingawa sisi tulioishika mihuri yake hatukuwa na hakika hiyo.

Maktaba ilikuwa chumba kimoja kirefu karibu na boma, kina rafu za mvule, meza mbili za wasomaji na baraza mbele. Tulikuwa watu wawili tu. Mimi ni mtoto wa mji, na babu zangu wamezikwa hapo. Msaidizi alikuwa Mmwera wa Rondo, amesoma shule ya misheni, mdogo wangu kwa miaka minne au mitano. Mimi nilikuwa na kazi ya kudumu. Yeye aliajiriwa kwa muda, miezi sita sita, na kila miezi sita ilipokaribia kwisha aliongea kidogo kuliko kawaida.

Ndani ya mlango wa kabati la faili nilikuwa nimebandika karatasi ya kanuni za saa za kazi. Niliisoma hata nikaihifadhi. Mtumishi wa daraja la chini akifanya kazi nje ya saa zake kwa amri ya mkubwa, atalipwa, na kila saa itahesabiwa saa moja na nusu. Mtumishi wa daraja langu halipwi. Atapewa saa za kupumzika badala yake, kazi itakaporuhusu. Kazi haikuwahi kuruhusu. Kanuni ya mwisho ilisema fomu ya malipo itiwe sahihi na karani mwangalizi aliyeiona kazi ikifanyika.

Ijumaa moja Bwana Shauri, ofisa Mwingereza wa wilaya, alipita baada ya sala, akakuta watu wamejaa barabarani na mlango wetu umefungwa. Alituita ofisini kwake siku ya pili. Akasema maktaba iwe wazi Ijumaa mchana, saa sita hadi saa nane, maana ndipo watu walipo. Akanitazama.

“Wewe una sala.”

“Ndiyo, bwana.”

Akamtazama mwenzangu. “Wewe huna.”

“Sina, bwana. Yangu Jumapili.”

Basi ikawa hivyo. Saa mbili za ziada kila Ijumaa, na juu yake neno moja ambalo Bwana Shauri alilisema polepole ili tulisikie vizuri: mpango huu ukifanikiwa, ataandika msaidizi apewe kazi ya kudumu.

Sikuona ubaya, kwa sababu nilijua hakuna atakayekuja. Wazee wa mji wetu walikuwa wasomaji, lakini wa herufi za Kiarabu. Kurani walisoma, barua zao za biashara waliziandika kwa Kiswahili katika herufi hizo hizo, na walikuwa na hesabu za miaka thelathini ambazo hakuna karani wa boma angezifumbua. Gazeti la herufi za Kizungu lilikuwa kwao karatasi ya kufungia samaki. Nani basi angekuja mchana wa jua kali kusoma?

Hawakuja kusoma. Walikuja kusomewa. Yule kijana alitoa kiti barazani, akakaa na gazeti, akaanza kulisoma kwa sauti kana kwamba yuko peke yake. Ijumaa ya kwanza walisimama watu watatu. Ijumaa ya tatu baraza lilijaa, wengine wamekaa juu ya ngazi na makubadhi yao mikononi. Aliwasomea bei ya korosho, kesi za mahakamani, habari za Misri. Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya Kimwera ya wazi kabisa, na walimcheka, na wakarudi.

Mbele kabisa alikaa baba mkubwa wangu, kaka yake marehemu baba, mfanyabiashara wa samaki wakavu wa Sudi. Hapo ndipo ilipoanza kuniuma. Miaka miwili nyuma nilimpelekea gazeti nyumbani nikamsomea ukurasa mzima. Alinisikiliza, akasema, “Unasoma kama unafukuzwa,” akaomba maji ya kunywa. Sikumsomea tena.

Jumamosi moja nilimkuta sokoni.

“Shikamoo, baba mkubwa.”

“Marahaba. Jana mmetusomea vizuri.”

“Amesoma msaidizi wangu.”

“Najua aliyesoma,” akasema. “Yule anasoma kama aliyekuwapo. Mwambie Ijumaa ijayo aanzie kwenye ile kesi ya ng’ombe, asije akaisahau.”

Nikamwambia kwamba kijana hataisahau kesi ya ng’ombe, asiwe na wasiwasi. Mzee mwingine aliyekuwa akipima pilipili akadakia: “Na wewe mwenye maktaba, Ijumaa unafanya nini?”

“Nasali, mzee.”

“Hata sisi tunasali. Kisha tunakwenda kusikiliza.”

Wakacheka. Wiki hiyo hiyo baba mkubwa alimpelekea yule kijana kipande cha nguru kilichofungwa kwenye jani la mgomba. Kilipita mezani kwangu, nikakinusa. Mimi ni mtoto wa ndugu yake wa tumbo moja, na sikupata hata kichwa cha dagaa.

Mwisho wa mwezi alinipa fomu. Saa mbili mara Ijumaa nne. Nikatia sahihi kwamba niliiona kazi ikifanyika, ingawa kila Ijumaa nilikuwa safu ya pili msikitini, kushoto kwa taipisti wa boma. Mwezi wa pili nikatia tena. Mwezi wa tatu nilianza kufikiri kwa utaratibu, kama nilivyozoea kufikiri mambo ya kazi. Wanaosomewa wote ni Waislamu. Kuanzia saa sita hadi karibu saa saba wote wako msikitini. Saa ya pili ina watu, hilo halina shaka. Saa ya kwanza ina nani?

Nilimuuliza. Akasema saa ile anagundisha vitabu. Ni kweli vitabu vyetu vilikuwa hoi kwa unyevu na mende, na yeye ndiye aliyejua kupika gundi ya unga wa muhogo na kuitia mrututu kidogo ili wadudu wasiile. Jumamosi asubuhi nilivikuta vitabu vimelaliwa na mawe, vimefungwa uzi. Nilivigusa. Gundi ilikuwa imekauka nusu, na gundi ya muhogo kwa unyevu wa pwani huweza kuwa ya jana au ya juzi.

Ndipo nikaenda kusimama kwenye mlango wa nyuma, siku ya Ijumaa ya mwisho ya mwezi.

Mlango ulikuwa umetiwa komeo kwa ndani, na madirisha yote yamefungwa. Nilitega sikio. Sikubisha, kwa sababu mtu anayebisha hujulikana, na mimi saa ile nilipaswa kuwa nasikiliza hotuba. Adhana ilikuwa imeshapita; mji wote ulikuwa kimya. Ndani hapakuwa na kikohozi, wala kiti kilichovutwa, wala karatasi iliyofunuliwa. Nilikaa hapo hadi miguu ikafa ganzi. Kazi ya gundi haina sauti. Usingizi nao hauna.

Niliposikia watu wanatoka msikitini nilizunguka nikajichanganya nao. Komeo la mlango wa mbele likafunguliwa, kijana akatoka barazani na magazeti kwapani. Shavuni alikuwa na mstari, kama wa mtu aliyelalia kitu, na kwenye mkono wa shati lake palikuwa na gundi mbichi. Niliviona vyote viwili kwa wakati mmoja.

Baba mkubwa alinikuta ngazini. “Leo umesali wapi? Safu ya pili ilikuwa na pengo.”

“Nyuma.”

“Nyuma ya nini?”

Akanitazama tangu kofia hadi vumbi la miguuni, kisha akaenda kukaa mahali pake mbele.

Jumatatu fomu ilipofika mezani, nilichukua rula. Nilikata saa moja katika kila Ijumaa, zote nne, nikaandika pembeni: “Saa sita hadi saa saba hapakuwa na kazi.” Mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko siku zote. Nikamrudishia ili aone kabla haijakwenda boma.

Aliisoma amesimama.

“Bwana karani, hizi umezikata.”

“Hazikuwa na kazi.”

“Na vitabu?”

“Vitabu hugundishwa hata saa tisa.”

“Saa tisa meza zina wasomaji. Sufuria ya gundi nitaiweka wapi, kichwani?”

“Kanuni inasema niwe nimeiona kazi.”

“Miezi miwili iliyopita uliiona?”

Nilimwambia aiache fomu mezani. Aliiacha, akaweka juu yake jiwe la kukandamizia vitabu ili upepo usiipeperushe, akaenda kupanga kadi. Hakupandisha sauti. Alhamisi jioni, tukifunga, akaniambia: “Kesho saa sita na mimi nitakwenda kula. Saa zangu nitazipumzika.”

Ijumaa wazee walikuja wakakuta kufuli. Walisubiri kidogo kwenye kivuli cha baraza, halafu wakatawanyika. Usiku jirani yangu mmoja aliniambia kwamba baba mkubwa alisema mbele ya watu, “Mwanangu ana funguo, lakini hana cha kutufungulia.” Ijumaa iliyofuata ikawa vilevile.

Halafu tarishi wa boma akaileta ile fomu niliyoipeleka. Imerudishwa. Bwana Shauri alikuwa ameandika kwa penseli chini ya mwandiko wangu, na taipisti ameyapiga maneno hayo kwenye karatasi rasmi: karani aeleze, kwa kila Ijumaa, yeye mwenyewe alikuwa wapi saa sita hadi saa saba, na alijuaje kwamba hapakuwa na kazi. Shauri la kumpa msaidizi kazi ya kudumu lingengoja maelezo hayo. Miezi sita ya kijana ilibakiwa na siku kumi na moja.

Ijumaa tatu za kwanza zilikuwa rahisi. Nilikuwa msikitini, sikuona kitu, nilikata kwa kubahatisha. Kuandika hivyo kuliniaibisha, lakini aibu ya ofisini huishia ofisini.

Ya nne ndiyo iliyonikalia kooni. Nikiandika kwamba nilikuwa msikitini, nitakuwa nimesema uongo kwa maandishi, na taipisti atakayeupiga ndiye aliyesali siku ile na pengo kushoto kwake. Nikiandika kwamba nilikuwa mlangoni nasikiliza, nitakuwa nimeuambia mji mzima, kupitia taipisti huyo huyo, kwamba niliiacha Ijumaa kwenda kumvizia mtu saa yake ya kazi. Na hata nikisema hivyo, nilisikia nini? Kimya. Kimya hicho kingemhukumu kijana, na mimi mwenyewe sikujua ni kimya cha nini.

Yeye aliendelea na kazi. Siku ya tano aliniuliza jambo moja tu, akiwa anapiga mhuri: “Bwana karani, barua ya boma umeijibu?”

“Bado.”

“Nyumbani wanataka kujua kama nirudi kulima au nisirudi. Mvua za Rondo hazingoji.”

“Nitaijibu.”

Nikaijibu siku ya nane. Niliandika Ijumaa ya kwanza, ya pili na ya tatu, kila moja na mstari wake: nilikuwa msikitini, saa zirudishwe. Ya nne niliandika tarehe yake tu, nikapiga mstari, nikaacha mahali pa kujaza, nikampa tarishi.

Jibu lilikuja haraka kuliko nilivyotarajia. Saa tatu zimerudishwa na zitalipwa. Kuhusu kazi ya kudumu, maelezo ya Ijumaa ya nne yaletwe kwanza. Kisha Bwana Shauri akaenda likizo Ulaya, na aliyekaimu nafasi yake hakupenda kugusa mafaili yaliyokwisha anzwa na mwenzake.

Siku kumi na moja zikaisha. Kijana alikabidhi funguo, sufuria ya gundi na kopo la mrututu, akapanda lori la Rondo. Aliniachia anwani ya misheni ili barua ikija nimpelekee. Wazee waliacha kupita barazani. Baba mkubwa hakunisema tena. Tulipokutana aliitikia shikamoo yangu na kuendelea na njia yake.

Mwaka uliofuata nilihamishiwa Kilwa, nikakabidhi mafaili kwa karani mpya, moja baada ya jingine, naye akitia alama kwenye orodha. Alipofika kwenye lile la msaidizi wangu aliuliza kwa nini halijafungwa. Nikamwambia kuna maelezo yanangojwa.

“Kutoka kwa nani?”

Nikamwonyesha faili lililofuata.