Camion yenye kuzimika siku ya convoi tu

Bandugu, leo nimepata panne, ule ubovu wa ile camion yenye ilinisumbua. Mwenye kuiweka ni parrain, baba wa ubatizo, wa mutoto yangu.

Yeye njo dereva wa ile camion. Mwezi muzima anasema motere inazimika njiani. Hapa garage, Bulengera, inawaka muzuri. Nilibadilisha batterie, nikabadilisha relais, hapana. Patron, mwenye camion, akaanza kusema sijue kazi.

Na parrain iko pembeni: "Pole, fundi."

Leo nikamuuliza patron, inazimikaka siku gani?

"Siku ya convoi tu, kama basoda banasindikiza bacamion kwenda Beni."

Mais camion inajua siku?

Nikafungua chini ya kiti ya dereva. Interrupteur ndogo ya kukata courant ya motere. Bafil, nyaya zake, imefungwa na kipande ya chambre à air, ile mupira ya ndani ya gurudumu, mara tatu. Vile mimi nafungaka. Ni mimi nilimufundisha parrain.

Akaangalia chini. "Fundi, batu banakufa mu ile convoi. Niko na batoto."

Semeni kama mimi njo mubaya.

Parrain, ungeniambia tu kama unaogopa. Ningekutengenezea panne yenye hakuna fundi angeipata.