Mfumo wa Bei Nafuu

Vumbi likipata joto nyuma ya skrini ya kompyuta hutoa harufu kama ya pasi iliyosahauliwa juu ya shati. Nikiisikia hadi leo ninarudi sebuleni kwetu mtaa wa Schaerbeek, Brussels, mtoto wa miaka tisa, nikisali mashine isigande.

Tulikuwa wakimbizi kutoka Bukavu, na wakili alitaka simulizi la Papa, baba yangu, jinsi tulivyotoroka, likiwa limepigwa chapa. Bila hilo tungerudishwa. Ndipo Papa akaenda kununua kompyuta iliyotumika. Muuzaji alimpa achague: mashine ile ile yenye mfumo mpya wa kuiendesha, au yenye nakala ya mfumo wa zamani kwa karibu nusu ya bei.

"Baba Neema, tuongeze tu," Maman alisema, akimwita kwa jina langu. "Hii itatusumbua."

"Bon, ile ni ya mabosi," Papa akajibu. "Hii inaandika, donc inatosha."

Iliandika, ndiyo, ikipenda. Maman aliifunika kitambaa alichofuma mwenyewe, na hatukuiwasha kabla ya kuiombea kama mgonjwa. Hata hivyo kila Jumamosi iliganda, na kurasa alizokuwa amehifadhi Papa zilifunguka zikiwa alama tupu zisizosomeka.

Sasa, Papa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na hakuweza kuandika bila kujisomea imla kwa sauti. Mashine ikifa alishusha pumzi, akasema, "Alors, tuanze tena," nami pale mezani na madaftari yangu nikasikia upya risasi, njia ya migombani, na Tonton Déo, mdogo wake, akinibeba mgongoni hadi darajani, mimi nisiyekumbuka chochote. Hapo darajani ndipo skrini ilipoganda, karibu kila mara. Niliogopa kurudishwa. Niliogopa zaidi kilichokuwa kinafuata, kwa sababu Tonton Déo hakuwa nasi Brussels na hakuna aliyewahi kunieleza.

Maman akaongeza saa za usafi katika ofisi za mtaa wa Schuman, mfumo mpya ukanunuliwa. Nilifurahi ajabu.

Jumamosi iliyofuata Papa alifika darajani, na skrini haikuganda. Alisubiri. Akaigonga ubavuni kidogo, kama anayeikumbusha. Mwishowe akaendelea kwa sauti ndogo: Tonton Déo alinikabidhi kwake, akageuka kumfuata Bibi, mama yao, aliyebaki nyuma, na risasi zikampata katikati ya daraja. Maman akaja kusimama nyuma ya Papa hadi alipomaliza.

Karatasi za ukaazi tulizipata. Lakini ilibidi niwe mtu mzima ndipo nielewe kwa nini Papa hakuwahi kuulaani mfumo ule mbovu. Kila ulipoganda, mdogo wake alikuwa bado hajageuka. Na Jumamosi iliyofuata angemkuta tena mzima, mtoto mgongoni.