Matuta Mawili ya Nyanya za Binti Yangu

Kwetu mtu akisafiri, alichokipanda haking'olewi mpaka arudi. Ukiking'oa ni kama umemkatia tamaa. Basi binti yangu alipopata kazi ya jikoni kwenye kambi ya gesi ya Afungi, aliniachia matuta mawili ya nyanya nyuma ya nyumba, kando ya manne yangu, nami nikayalinda kama mboni ya jicho. Nyumba nzima nilibaki mimi na kuku.

Mwezi wa pili majani yakaanza kujikunja, yakageuka manjano pembeni, miche ikadumaa. Ukiutikisa mche, vijidudu vyeupe vinaruka kama unga. Nikavimwagia majivu. Wapi! Nikachemsha pilipili na sabuni, nikapiga chafya kutwa, vyenyewe vikarudi kabla ya adhuhuri.

Tekniko wa kilimo, kijana wa kusini aliyehamishiwa hapa, akaja akachutama.

"Mama, hawa nzi weupe ndio wanaobeba ugonjwa. Wananyonya mche mgonjwa, kisha wanahamia mzima, wanauambukiza. Mche ukishashikwa hakuna dawa. Ng'oa haya mawili uchome, la sivyo na yako manne yatakwenda."

"Kang'oe ya kwenu," nikamwambia. "Hii ni kazi ya mikono ya mwanangu."

Akaondoka. Ukali wangu naujua, lakini sikumwita.

Wiki ya tatu baada ya hapo tuta langu la kwanza likajikunja, kisha la pili. Nilikuwa nakaa katikati ya matuta nikizigombeza nyanya kwa sauti, maana hapakuwa na mwingine wa kusema naye. Nilimkumbuka mwanangu mpaka nikawa namchukia.

Mwishowe nikampigia simu. Nyuma yake sufuria zilikuwa zinagongana. Nikamwambia, mwanangu, nyanya zako zinaumwa, zinaniulia zangu, nipe ruhusa nizing'oe.

"Nyanya zipi, mama?"

Nikamweleza: nyuma ya nyumba, ulizozipanda asubuhi ile ulipoondoka.

"Aa, zile! Ng'oa tu, mama. Mbegu zilibaki, nikaona nisizitupe." Akacheka, akaitwa, akakata.

Niling'oa yake mawili na yangu mawili yaliyoumwa, nikachoma yote, huku nalia bila kujificha. Mawili yaliyobaki yakasalimika. Siku ya kuvuna nilijaza ndoo, nikampelekea tekniko, nikamwomba radhi.

"Zote hizi, mama? Na wewe je?"

"Nimpikie nani?" nikamwambia.