Eliakunda Hataki Kuitwa wa Msiba

Mimi napiga besi, lile tarumbeta kubwa linalomzunguka mtu mwilini, na mpiga besi hana jina. Watu husikia mtikisiko wakadhani ni lori linapanda kutoka Ndungu. Sijali, nilizaliwa mtu wa nyuma na nyuma pananifaa. Eliakunda hakuzaliwa hivyo. Watu wetu walimtendea jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka hasira zinanipanda, na hasira zenyewe namgawia na yeye kidogo, maana naye ni mkaidi kupita kiasi.

Katika usharika wetu tarumbeta zililetwa na wamisionari, babu zetu wakazishika, na tangu hapo hazijawahi kukosa midomo ya kuzipuliza. Sisi wawili tulifundishwa na Mwalimu Sifael, sasa ni marehemu, kwenye chumba kidogo nyuma ya kanisa. Mimi nilijifunza nota za kunitosha. Eliakunda alizijifunza zote, halafu akaanza kumuuliza mwalimu kama hakuna nyingine. Sauti yake ilikuwa nyembamba na safi, na ilikuwa inakwenda mbali kuliko ya mtu yeyote. Kwa kosa hilo tu la kuwa na sauti nzuri akapewa kazi ya mwambani.

Huku mlimani simu zipo, nani hana? Lakini kuna mabonde yetu ambayo mtandao haufiki, na hata unapofika, msiba wa simu bado ni tetesi. Msiba ni tarumbeta. Mtu akifariki, mpigaji mmoja hupanda mwamba ulio nyuma ya kanisa, ambao ukisimama juu yake unaona mabonde yote hadi kwenye mashamba ya mpunga kule chini, akapiga wimbo wa taratibu. Ng'ambo ya bonde wimbo wenyewe haufiki, upepo unauvunja njiani. Inafika sauti tu, na inatosha. Mwenye jembe analitua, mwenye makande jikoni anaepua, wanawake wanafunga kuni na kubeba ndizi, wanaume wanachukua sepetu za kuchimbia, wote wanakuja. Njiani hawaulizi. Wanauliza wakishafika.

Eliakunda alianza kupiga pale akiwa binti, na sasa ana miaka thelathini na kitu. Hakuna mtu wetu aliyezikwa katika muda huo bila yeye. Wakamwita Elia wa Msiba. Walimwita bila ubaya wowote, hilo ndilo linaloniudhi zaidi, maana ubaya ungejibika. Watoto wakimwona na sanduku lake wananyamaza. Mwenye duka hapendi aingie asubuhi kabla ya mteja wa kwanza. Kwenye harusi ya binti mmoja hapa jirani, shangazi wa bibi harusi alimwomba kwa upole kabisa akae sakristia hadi maharusi watoke. Kuna mwanamume kutoka Kileo aliyekuja kumposa, kijana mzuri mwenye shamba lake. Mama yake alipoulizia kazi ya huyo binti akaambiwa, na hatukumwona tena yule kijana.

Siku moja tulikuwa mfereji­ni tunaosha tangawizi, akaniambia bila kuinua kichwa, "Kaka Hezroni, mimi nimekuwa kengele."

"Kengele vipi tena?"

"Kengele haina jina. Watu wakiisikia wanauliza nani kafa. Nataka siku moja mtu anisikie aulize nani anapiga. Hivyo tu. Nikishaulizwa mara moja, hata nikifa nitakuwa nimeishi."

Nilimtania kwamba akifa tutakosa wa kumpigia. Hakucheka, na mimi nikaona aibu.

Nje ya mwamba alikuwa na muziki mwingine ambao watu hawakuujua. Kwenye simu alikuwa amegundua konseto za tarumbeta za Wajerumani wa zamani, zile zinazopigwa na mtu mmoja mbele ya okestra nzima, nota zinakimbizana hadi unajiuliza mpigaji anapumua saa ngapi. Alizisikiliza kipande kwa kipande akaziandika mwenyewe. Kwa miaka alifanya mazoezi ndani ya banda la mbuzi, ameziba mdomo wa tarumbeta kwa kitambaa, kwa sababu angepiga wazi kijiji kizima kingetua majembe. Jaribu kufikiria hilo. Mtu anajua konseto nzima kichwani na hajawahi hata siku moja kuisikia ikitoka kwa sauti yake kamili. Nilipokuwa nakwenda kumsikiliza nilikuwa nakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mbuzi wananitafuna shati, na machozi yananilenga.

Kipande kimoja cha hayo mazoezi alikirusha mtandaoni, na kikamfikia mama mmoja wa Arusha aitwaye Priska, mwandaaji wa tamasha la muziki wa klasiki. Akampigia simu. Eliakunda akaweka sauti ya nje ili nami nisikie.

"Dada, unapiga vizuri sana," Priska alisema, "lakini wapigaji wazuri ninao. Nahitaji mtu mmoja wa kusimama peke yake jukwaani. Nikitaja jina lako, watu wakumbuke nini?"

Eliakunda alibaki ameshika simu hadi Priska akauliza kama mtandao umekata. Aliyajua majina yote waliyompa watu, na hakuna hata moja alilotaka kulitamka.

Baada ya hapo alijitengeneza upya mbele ya macho yangu. Alishuka Same akashonesha gauni jekundu la satini, refu, la mikono mirefu. Ukurasa wake wa mtandaoni akauandika Eliakunda, basi, bila "wa" chochote. Alijifunza kusimama, kuinamisha kichwa kabla ya kupiga, kushusha tarumbeta taratibu baada ya nota ya mwisho. Priska akasema atakuja mwenyewe Jumamosi na kamera, amrekodi milimani kwao, na akiridhika nafasi ya jukwaani ni yake.

"Tutarekodia wapi?" nikauliza, ingawa jibu nilikuwa nalijua.

"Mwambani."

"Elia, usipige pale."

"Nipige wapi, bandani? Nimwoneshe mbuzi? Kaka, nina nafasi hii moja. Sitapata nyingine. Pale ndipo waliponipa jina lile, na pale pale ndipo nitakapolivua."

Alimwomba mzee wa kanisa atangaze Jumapili kwamba tarumbeta ya Jumamosi si ya msiba, na mzee akatangaza vizuri tu. Tukaridhika, tukasahau kwamba ng'ambo ya bonde ni Wakatoliki na Waislamu, hawasali kwetu.

Jumamosi ilikuwa na jua na upepo. Eliakunda alisimama juu ya mwamba na gauni lake jekundu, akainamisha kichwa, akaanza. Nimepiga muziki maisha yangu yote na sijawahi kusikia kitu kama kile. Zile nota alizozifunga bandani miaka yote zilitoka zote kwa pamoja, kali, zenye furaha, zinapanda juu ya migomba na kushuka kule tambarare. Priska alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Mimi nilisema moyoni, haya, sasa ulizeni nani anapiga.

Ng'ambo walikuwa kwenye msaragambo, kijiji kizima kimetoka kusafisha ndiva, lile bwawa la kumwagilia. Furaha ya ule wimbo haikuvuka bonde. Ilivuka sauti ya Eliakunda, na sauti hiyo waliijua.

Wakaja. Niliwaona kwanza kwenye njia ya chini, mstari mrefu, wanaume na sepetu zenye tope la ndiva, wanawake na mizigo ya kuni kichwani. Wa upande wetu nao, hata wale waliosikia tangazo, walipoona wenzao wanakuja wakaingiwa na wasiwasi, wakafunga ndizi wakafuata. Wakazunguka mwamba kimya kimya. Eliakunda alikuwa amefumba macho, anapiga.

Mzee Omari, aliyekuwa msimamizi wa msaragambo, alinivuta mkono. "Kaburi linachimbwa wapi?"

"Hakuna kaburi, mzee. Ni muziki tu."

Alinitazama, akatazama lile gauni jekundu, akatema mate pembeni.

Kisha akatokea Mama Rodrick. Jina lake ni Fortunata, lakini tunamwita kwa jina la mwanawe wa pekee, na huyo Rodrick alikuwa amelazwa hospitali Same, hali yake mbaya, na Jumapili ya tangazo mama alikuwa huko kumuuguza. Alikuja mbio kutoka shamba la maharage bila viatu, kanga imemvuka, na alikuwa ameshaanza kulia kilio chenyewe, kile cha aliyefiwa. Akapita katikati ya watu hadi chini ya mwamba.

"Ni Rodrick? Niambieni! Ni mwanangu?"

Eliakunda akafumbua macho. Konseto ilikatika katikati ya nota. Akaruka chini na gauni lake, akapiga magoti.

"Hapana mama. Nisamehe mama, si yeye. Hakuna aliyefariki."

Mama Rodrick akasema kwa sauti ya chini, na watu wote wakasikia, "Umeshampigia."

Kamera ilikuwa haijazimwa. Watu walipotawanyika, wanawake wamebeba kuni zao kurudi nazo, jambo ambalo huku ni mkosi, Priska alimshika Eliakunda mabega, macho yanang'aa. "Dada, ndiyo hii! Umeona walivyokuja? Achana na konseto. Uje jukwaani na nguo nyeusi, uwapigie hiyo ya msiba. Hakuna mwingine mwenye kitu kama hiki nchi nzima. Watakukumbuka!"

"Mimi ni mpiga tarumbeta," Eliakunda akasema.

"Najua, ndiyo maana..."

"Mimi ni mpiga tarumbeta, mama. Umenisikia nikipiga."

"Nimekusikia. Umepiga vizuri. Lakini konseto ninao watakaoipiga."

Eliakunda akakataa pale pale. Nilimwona akikataa na nilimwona alivyokuwa anajua anachokikataa. Gari la Priska lilipoteremka kwenye kona ya mwisho, alikaa chini kwenye vumbi na satini yake akalia kwa sauti, mtu mzima.

Lile gauni hakulivaa tena. Akarudi bandani, lakini kitambaa kilibaki ndani ya tarumbeta na tarumbeta ilibaki sandukuni. Kijijini walikuwa wanamcheka waziwazi sasa, "Elia, leo nani kafufuka?" Mimi niligombana na watu wawili kwa ajili hiyo, mmoja ni shemeji yangu.

Haukupita muda, nikiwa kwake tunatengeneza paa la banda, Mama Rodrick akaja. Safari hii hakukimbia. Alisimama uani, kanga ameifunga vizuri.

"Shikamoo mama," Eliakunda alisema.

Hakuitikia. "Nenda ukampigie," akasema. "Sasa ni kweli. Wanamleta kutoka Same."

Eliakunda alitoa kile kitambaa, akapanda mwambani na nguo zile zile za kazi. Nikapanda naye. Alipiga wimbo wa taratibu, ule wenyewe, na aliupiga kama mtu anayeomba msamaha kwa kila nota. Akamaliza, akashusha tarumbeta, tukatazama njia ya chini.

Hakuna aliyekuja.

Akarudia. Kule ng'ambo tuliona moshi wa majiko ukiendelea kupanda, na watu wadogo wadogo mashambani wakiinua majembe na kuyashusha. Mmoja alisimama, akatazama upande wetu, akapunga mkono, akaendelea kulima. Walikuwa wamemsikia. Walikuwa wanasema, na majirani zetu pia, Elia anafanya mazoezi.

Alipiga hadi mdomo ukapasuka na damu ikatelemka kidevuni. "Njooni," alikuwa anasema kila akivuta pumzi, "njooni, jamani, njooni." Chini yetu tuliiona nyumba ya Mama Rodrick, na yeye peke yake uani amekaa kwenye kigoda, hakuna moto, hakuna kuni, hakuna mtu. Nilimnyang'anya tarumbeta kwa nguvu. Nilidhani atanipiga. Badala yake akafuta damu kwa kiganja, akashuka, akaanza kutembea kuelekea ng'ambo, nami nikamfuata.

Kwenye nyumba ya kwanza mama mwenye nyumba alikuwa anapepeta mahindi. Aliinua macho akamwona Eliakunda amesimama mlangoni, mikono mitupu. Eliakunda alikuwa hajafungua mdomo.

"Nani?" yule mama akauliza, ungo ukamwanguka.

Na nyumba ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Walikuwa wakimwona tu, wanauliza nani, wanatafuta kuni. Hadi jua linapungua nguvu, uwanja wa Mama Rodrick ulikuwa umejaa na wanaume wanachimba. Rodrick alizikwa vizuri, bila tarumbeta, kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu yangu.

Siku hizi tarumbeta haipigwi mwambani. Baraza la wazee lilikaa likasema haiaminiki tena. Mtu akifariki wanamtuma Eliakunda, anakwenda nyumba kwa nyumba, na watu wanasema njia hii ni bora kuliko ile ya zamani. Tarumbeta yake iko kwangu, juu ya kabati, sijathubutu kumuuliza kama anaitaka.

Jana nilikutana naye njiani, debe la mahindi kichwani. Mlango wa jirani ukafunguliwa, mama mmoja akatoka na mtoto mgongoni, akasimama, uso umemshuka.

"Nani, Elia?"

"Hakuna aliyekufa, mama," Eliakunda akamjibu. "Naenda kusaga tu."