Atieno Alivyojifungua Bure

Nakhumicha aliolewa Ahero kutoka Bungoma. Mumewe alipofariki, alibaki na maksai wawili waliokodishwa kulimia mashamba ya mpunga. Hao ndio waliomsomeshea mwanawe hadi akapata kazi Nairobi na kuoa.

Mimba ya mkaza mwanawe, Atieno, ilipokomaa, muuguzi wa zahanati aliwaambia mtoto amelala kingamo, hatatoka ila kwa upasuaji.

"Nendeni Kisumu, hospitali ya serikali. Kujifungua ni bure."

Daktari aliyewapokea Kisumu alikuwa mpole. Alimpima Atieno, kisha akamwita Nakhumicha kando.

"Mama, chumba cha upasuaji kimeharibika, na sijui kitatengenezwa lini. Lakini nina kliniki Nyamasaria. Huko naweza kumsaidia leo."

"Huko pia ni bure?"

"Mama, ukichelewa tusilaumiane."

Mshahara wa mwanawe ulikuwa haujatoka, basi Nakhumicha alimpigia simu mwenye bucha wa Ahero. Yule alisikia sauti yake tu akajua shida imembana, akawachukua maksai wote wawili kwa bei ya kutupa, akatuma pesa kwa simu.

Kliniki ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la dawa. Wahudumu walipokea pesa, wakamtundikia Atieno maji. Jioni Atieno na mkwewe wakapakiwa kwenye gari. Nakhumicha alidhani wanapelekwa kliniki kubwa zaidi, lakini gari liliingia lango lilelile la hospitali ya serikali. Atieno akapasuliwa katika chumba kilekile kilichoharibika. Akapata msichana, mzima.

Asubuhi Nakhumicha alimkuta daktari akizungukia wagonjwa.

"Daktari, chumba kilipona lini?"

"Mtoto si mzima, mama? Mshukuru Mungu."

Alikwenda kulalamika ofisini, wakamtaka risiti. Hakuwa amepewa. Basi akarudi wodini, akasimama katikati ya wajawazito waliokuwa wakingoja, akawasimulia yote kwa sauti, daktari angali pale. Alitaka wakasirike. Walimsikiliza hadi mwisho, na daktari akaendelea kupima.

Daktari alipotoka, mwanamke wa Kondele aliyevimba miguu alimvuta Nakhumicha nguo.

"Mama, hiyo kliniki, nikifika Nyamasaria niulizie wapi?"

Nakhumicha alitaka kumfokea. Akaitazama ile miguu, ngozi imevutika hadi inang'aa. Akaketi kando yake, akamwelekeza.

Msimu wa kulima ulipofika, Nakhumicha aliingia mashamba ya watu kupanda mpunga kwa kibarua.