Maembe Dodo Sebuleni kwa Madam

Uvumilivu wangu uliisha alasiri moja huko Riyadh, nikiwa na pasi ya moto mkononi na kanzu ya bosi mbele yangu, pale Achieng alipofananisha kifua cha mwanamke na maembe dodo kwa mara nyingine tena. Naona aibu kuyasimulia, lakini afadhali mcheke mkiyasikia kwangu kuliko kwa Achieng, ambaye atajifanya yeye ndiye aliyeumia.

Achieng tulijuana Nairobi kwenye mafunzo ya wakala, tukifundishwa kunyoosha nguo za watu ambao hatujawahi kuwaona. Yeye akapelekwa Jeddah, mimi Riyadh. Huko kwake, akijifungia kwenye chumba cha kufulia juu ya paa, akaanza kutunga hadithi fupi za mapenzi ya wanawake wawili, zile za chumbani kabisa, anazirekodi kwa sauti ya chini huku mashine ikinguruma nyuma yake, kisha anatutumia sisi wachache kwa WhatsApp. (Mnaokunja uso, kunjeni. Nina mtoto, nilizaa na mwanamume, na moyo wangu haujawahi kuwa upande huo. Hadithi hizo ndizo mahali pekee nilipomsikia mtu kama mimi akitajwa bila kutukanwa.) Nilizisikiliza nikipiga pasi, earphones chini ya hijabu, na kazi ikasonga.

Hadithi ya siku hiyo ilianza vizuri hadi nikasahau kanzu. Wafanyakazi wawili kama sisi wamekutana juu kwenye kamba za nguo, mmoja mikono imepasuka kwa jiki, mwenzake anaishika, anaipaka mafuta kidole kimoja kimoja, hana haraka, anamuuliza, "Leo umekula?" Basi. Hakuna aliyevua hata kandambili, na mimi tayari nimesimama na pasi hewani, nimesahau kuishusha.

Halafu mwandishi akaharibu. Midomo ikawa komamanga, mashavu matufaha, kifua maembe dodo, na kwa jinsi alivyokuwa akiteremka nikajua papai liko njiani. "Huyu ni mwanamke ama ni kibanda cha matunda?" nikafoka peke yangu, nikachomoa earphones kwenye simu kwa hasira.

Kosa langu ni hilo tu. Asubuhi madam alikuwa ameniambia niunganishe simu yangu na spika ya sebuleni nione kama inafanya kazi, maana atakuwa na wageni. Nikaunganisha, ikafanya kazi, nikaenda zangu bila kuitenganisha. Sasa waya ukitoka kwenye simu, sauti inatafuta pengine pa kwenda, na pengine palikuwa sebuleni, ambako madam, dada zake na mama yao mzee (sisi tunamwita Mama Kabira) walikuwa wakinywa kahawa.

Nilimsikia Achieng kupitia ukutani, sauti kubwa kama ya mgombea kwenye mkutano wa siasa.

"Habibi wangu! Roho yangu! Mahaba yako, laazizi..."

Hapa nataka mnielewe vizuri. Achieng akitaka kuonekana mwandishi, huacha Kiswahili chetu cha kila siku na kuvaa maneno mazito ya kimapenzi, na mengi ya hayo yametoka kwao hao hao Waarabu. Kwa hiyo wageni ambao hata hawajui kuomba maji kwa Kiswahili walielewa sehemu mbaya kuliko zote.

Nikabonyeza simu isimame. Kioo kimepasuka, vidole vimelowa maji ya kunyunyizia nguo, ikakwama. Nikakimbia. Kichwani nilikuwa na jambo moja: watachukua simu. Na simu hiyo ndiyo mama anayejulikana na mwanangu Baraka, ambaye huko Nakuru kwa nyanya yake hubusu kioo kila tukiagana. Ikienda, nimefutika kwa huyo mtoto.

Nilikuta sebule nzima imegeukia spika, vikombe mkononi.

"Nani huyu?" madam akauliza. "Anamwita nani habibi?"

"Mumewe, madam. Ni hadithi. Mume amesafiri."

"Mbona anapumua hivyo?"

"Amepanda ngazi, madam."

Dada yake mmoja akaangukia mto kwa kicheko. Mama Kabira hakucheka. Aliinua kidole wanyamaze, maana Achieng, Mungu ambariki, alikuwa amemaliza matunda na kurudi kwenye mikono, na sauti yake ikawa ile ya kweli, ya mtu aliyechoka.

"Na sasa anasema nini?"

Nikatafuta uongo, nikaukosa. Kiarabu changu ni cha jikoni, lakini sehemu hiyo yote ilikuwa ya jikoni. "Mikono yake imepasuka kwa dawa ya kusafishia, mama. Mwenzake anampaka mafuta. Anamuuliza kama amekula."

"Mwenzake ni dada yake?"

"Dada yake, mama."

Akaitazama mikono yangu, ambayo nilisahau kuificha. Mimi nikachomoa spika ukutani kabla mtu hajafa, maana kwa Achieng lazima mtu afe mwishoni.

"Halas, imetosha," madam akasema, akijifuta machozi ya kicheko. "Hadithi zako zibaki sikioni mwako. Yalla, leta kahawa."

Simu hata hakuitazama! Jikoni nikakaa sakafuni nikicheka kama mwehu, nikampigia Baraka nikamtolea ulimi, naye akanitolea wake. Mama Kabira akaja na kikopo cha mafuta ya mikono, akakiweka kando ya sinki, kisha akaniambia kahawa ya kwanza ilikuwa nyepesi.

Kuchomoa earphones kwa hasira, nimeapa, sitarudia. Lakini hasira yenyewe haikuisha, na jioni nikaiandika kirasmi, kama tulivyofundishwa kidato cha nne, nikaituma Jeddah:

*Kwa Mwandishi,*

*KUH: HADITHI ZAKO NA MATUNDA YALIYOMO*

*Mimi ni msikilizaji wako mwaminifu na leo nusura unirudishe Nakuru. Nakiri kwamba unajua mikono. Unajua uchovu, na unajua kwamba hamu inaweza kuanza mtu akikuuliza tu kama umekula. Ukisema hivyo, hata adui anatulia kusikiliza, nimeshuhudia leo.*

*Ninacholalamikia ni kwamba hujiamini. Ukifika kitandani unakimbia kama anayeogopa gesi itaisha, na mwili wa mtu unaugeuza soko. Wanawake wako hawaumwi mgongo wala hawacheki, ilhali sisi tunacheka hata pale, nawe unajua. Tena kila wakipendana mmoja anaugua, anarudishwa kwao, ama anagongwa na gari. Nani alikutuma utuadhibu? Wanaotuadhibu tayari wanatosha.*

*Naomba, kwa heshima na taadhima, uirekodi upya hadithi ya leo. Toa maembe. Acha mikono. Na asubuhi waamke wote wawili, wazima, kuwe na chai.*