Kilio cha Mama Mkwe

Mume wangu alikuwa mdomo wa serikali. Yeye alipenda kuiita kazi ya habari, haya, tuiite hivyo. Asubuhi alikwenda ofisini katikati ya Élisabethville, wazungu wakampa maneno ya Kifaransa, naye akayageuza Kiswahili. Alasiri alirudi kwetu site, upande wa Waafrika, na gari lenye kipaza sauti, tai shingoni, akayatangaza mtaa kwa mtaa. Sauti alikuwa nayo, siwezi kumnyima. Nilimkubali kwa sauti ile, maana kwa sura, Mungu anisamehe.

Habari ilipokuwa njema, chanjo ya watoto au mpira wa Jumapili, watu walimpigia makofi. Kisha wazungu wakampa tangazo la vilio, yaani matanga. Serikali imesema hakuna tena kulala nje kilioni, hakuna kuwasha moto uani. Maiti azikwe, watu waende zao. Nilimwambia alikatae. Akaniuliza watoto watakula nini, nami nikampa mgongo kwa hasira. Akalitangaza vizuri, kama alivyotangaza yote.

Wiki ileile jirani yetu, mama mmoja wa Kasai, alikuwa anamlilia mumewe. Polisi wakaja wakauzima moto wake kwa maji, wakawafukuza waliokuja kumfariji. Mjane yule hakutusalimia tena, na mtaa mzima ukamfuata. Watu husema mjumbe hauawi. Ni kweli, lakini anaweza kunyimwa salamu mpaka akonde. Mume wangu alikonda.

Ndipo mama yake akafa, humohumo nyumbani kwetu. Kwetu kilio bila watu ni aibu isiyofutika. Ni kusema marehemu hakuwa mtu. Nikatandika mikeka uani, nikapika bukari, ugali wetu, wa kutosha mtaa mzima, tukakaa. Tulikuwa sisi na wajomba wawili tu. Mume wangu alitazama barabarani, akatazama tena, nikamhurumia mpaka nikasahau hasira zangu zote.

Jua lilipoanza kushuka, mjane akaingia, na nyuma yake mtaa. Lakini hawakukaa. Desturi yetu, anayefika kilioni huelezwa kwanza na mwenye msiba namna ugonjwa ulivyoanza na namna mtu alivyokufa, ndipo hukaa. Mjane akasimama mbele ya mume wangu, mkeka kwapani.

“Leo unasema mambo ya nani?”

“Yangu, mama.”

Akaanza. Loo, mtu yule asiyekosea hata neno! Alitaja kikohozi kabla ya homa, akarudi nyuma, akachanganya siku, akasema mama aliomba maji, halafu sauti ikakatika. Nilitaka kumsaidia, maana mimi ndiye niliyekuwa pale mama mkwe alipokata roho. Mjane akanizuia kwa mkono. Tukangoja wote, hakuna aliyemharakisha, mpaka akamaliza mwenyewe, kwa sauti ambayo hata wajomba waliinama kuisikia.

“Alikuwa ananiita. Miye nilikuwa mu gari, natangaza. Sikumusikia.”

Mjane akatandika mkeka wake, akaketi. “Sasa tumekusikia, mwana yangu,” akamwambia, kisha akauliza kuni za moto wa uani ziko wapi.

Nilikuwa nimeinuka tayari. Mume wangu akanirudisha chini, akafungua tai, akaenda kuzileta yeye.